Kashata Nzima, Mpira Mzee: Kuitafutia Datsun Matairi Mapya Turffontein

Tairi likiwa bado lina kashata nzuri, linaweza kuwa limekufa? Linaweza. Na kama nyumbani kwenu kuna mzee mwenye gari la zamani analolifunika turubai kama mtoto mchanga, hilo ndilo swali la kwanza la kumuuliza, kabla hujamsifia rangi na injini. Kwenye kipindi cha magari ya wazazi tuliligusa dakika mbili tu, tukahamia kwenye stori nyingine, na wengi mkaandika kuuliza iliishia wapi. Basi leo naandika yote.

Kwanza tuelewane kwenye maneno, maana najua wengi wetu Kiswahili cha jikoni tunakijua kuliko cha gereji. Kashata hapa siyo zile za nazi anazopika bibi. Kwa mafundi wa Tanzania, kashata ni yale mafungu ya mpira yaliyoinuka juu ya tairi, yanayokanyaga lami. Zikiisha, tairi linaitwa kipara. Hewa ya ndani ni upepo: huendi "kuongeza hewa", unaenda kujaza upepo. Chuma kinachovaa tairi ni rimu. Tairi la akiba ni spea. Ukishika hayo matano, unaweza kusimama na fundi yeyote kuanzia Arusha mpaka hapa Turffontein bila kuaibika.

Gari lenyewe

Ni Datsun 240Z ya mwaka 1973, ya ba'mdogo. Inakaa nyuma ya nyumba, mitaa michache kutoka uwanja wa mbio za farasi. Ina milango miwili, pua ndefu, injini ya lita 2.4 yenye silinda 6 zilizopangwa mstari mmoja, na uzito wake ni kama tani moja tu. Kwa macho ya leo ni gari jepesi mno.

Watu wa hapa wanadhani ba'mdogo anaipenda kwa sababu ya sinema za Kijapani. Wapi! Anaipenda kwa sababu ya Safari Rally. Mashindano hayo yalianza mwaka 1953, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1971 yalishindwa na Edgar Herrmann na Hans Schüller wakiwa ndani ya 240Z. Mwaka 1973 ikashinda 240Z tena, safari hii ikiendeshwa na Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, akiwa na Lofty Drews. Mehta alimaliza akiwa amelingana pointi za adhabu na Harry Källström, aliyekuwa na Datsun ya aina nyingine, na ushindi akapewa Mehta. Baadaye akashinda tena mara nne mfululizo, 1979 hadi 1982. Ba'mdogo alikuwa mtoto Arusha, anasikiliza redio ya jirani. Kwa hiyo akikwambia "hii ni gari ya nyumbani", usimcheke. Kiwandani ni ya Japani, lakini jina lake lilikuzwa kwenye tope na vumbi la kwetu.

Na matairi nayo ni habari ya ukoo. Babu alifanya kazi General Tyre, kile kiwanda cha Arusha kilichoanza kutoa matairi mwanzoni mwa miaka ya 1970 na ambacho sasa kimefungwa. Ndiyo maana kwetu tairi halikuwahi kuwa kitu cha kupuuzwa. Ajabu ni kwamba mtoto wa mtu aliyetengeneza matairi ndiye aliyetaka kusafiri na matairi yenye miaka 17.

Tarakimu nne

Mpango ulikuwa hivi: Desemba, ba'mdogo na mdogo wangu waende Durban na Datsun. Ni kama kilomita 570 kwa barabara ya N3, na katikati kuna mteremko wa Van Reenen, mahali penye malori mengi na ukungu unaoshuka bila hodi. Mdogo wangu hajawahi kuiona Bahari ya Hindi, na ba'mdogo alishamwahidi: "Nitakuonyesha bahari ileile ya Tanga, ila kwa upande wa huku."

Tukaipeleka kwa fundi wa mtaani kwetu, Mkongo wa Lubumbashi, akague breki. Akazunguka gari, akaweka kipimo kwenye kashata: milimita 6. Sheria ya hapa Afrika Kusini inataka kashata isipungue milimita 1. Ba'mdogo akatabasamu kama mwanafunzi aliyepata mia kwa mia.

"Muzee," fundi akasema, "kwa macho, hii mipira ingali muzuri. Haiyaisha. Lakini ngoja tuone miaka yake."

Akachuchumaa, akafuta vumbi ubavuni mwa tairi kwa kidole gumba, akatuonyesha herufi DOT na mwisho wake tarakimu nne: 3108. Maana yake tairi lilitengenezwa wiki ya 31 ya mwaka 2008. Namba hii iko kwenye karibu kila tairi mtakaloliona, na huhitaji kuwa fundi kuisoma. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Wakati mwingine imeandikwa upande mmoja tu, kwa hiyo usipoiona nje, ingia uvunguni uangalie upande wa ndani.

Kisha akafungua buti akatoa spea. Hiyo ilikuwa na tarakimu tatu tu. Hapo hata yeye alicheka. Tarakimu tatu maana yake tairi ni la kabla ya mwaka 2000. Yaani spea ilikuwa na umri mkubwa kuliko mimi.

"Lakini halijatembea!" ba'mdogo akasema. "Limekaa tu humo ndani."

Na hapo ndipo wazee wengi wanapokosea. Mpira hauzeeki kwa kutembea peke yake. Unazeeka kwa joto, kwa jua na kwa hewa yenyewe. Ndani yake kuna dawa za kuulinda usipasuke, na dawa hizo hutoka kwenda juu ya mpira vizuri zaidi tairi likiwa linazunguka na kujikunja. Gari likikaa miezi, dawa hazisambai, mpira unakauka, na uzito wote unalala sehemu moja. Ongeza sasa na jua la huku: Johannesburg iko mita 1,750 hivi juu ya usawa wa bahari, na jua lake ni kali kuliko baridi ya asubuhi inavyokudanganya. Matokeo yake ni nyufa ndogondogo ubavuni, nyembamba kama nywele, na mpira mgumu usioshika lami. Kibaya zaidi ni kile usichokiona: waya na nyuzi za ndani kuanza kuachana na mpira.

Michelin wanashauri tairi likaguliwe na fundi kila mwaka baada ya miaka 5 ya matumizi, na likifika miaka 10 tangu kutengenezwa libadilishwe hata kama linaonekana zima. Siyo maneno ya kuuzia bidhaa tu. Septemba 2012 huko Surrey, Uingereza, basi lililokuwa limebeba vijana waliotoka kwenye tamasha la muziki lilipasuka tairi la mbele likaacha barabara. Watu watatu walikufa. Tairi lile lilikuwa na miaka 19. Mama wa mmoja wa vijana wale alipigania jambo hilo kwa miaka mingi, na tangu 1 Februari 2021 Uingereza imepiga marufuku matairi yaliyozidi miaka 10 kwenye ekseli ya mbele ya malori na mabasi.

Na wale wa Fast & Furious mnaikumbuka Novemba 2013. Wapelelezi wa ajali iliyomuua Paul Walker walisema chanzo ni mwendo kasi, lakini wakaeleza pia kwamba matairi ya ile Porsche yalikuwa na miaka 9, na kwamba umri huo uliathiri namna gari lilivyoshika barabara. Gari la mamilioni, matairi ya kizamani.

Ba'mdogo alinyamaza kidogo. Halafu akauliza swali moja tu: "Sasa tunaweka yapi?"

Kusoma ubavu wa tairi

Hapa ndipo kazi yangu ilipoanza. 240Z ilitoka kiwandani na tairi lililoandikwa 175HR14. Tulisome pamoja. 175 ni upana kwa milimita. H ni mwendo: tairi linavumilia mpaka kilomita 210 kwa saa. R ni radial, yaani nyuzi za ndani zimepita moja kwa moja kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, siyo kukatizana kama kamba za kitanda. 14 ni kipenyo cha rimu kwa inchi.

Kuna namba moja imefichwa: kimo cha ubavu. Matairi ya zamani hayakuiandika, kwa sababu ilijulikana ni kama asilimia 80 ya upana. Ukipiga hesabu, tairi zima lina kipenyo cha kama milimita 636. Iandike hiyo namba mahali. Kila tairi utakalofikiria kulinunua, lipime nayo, kwa sababu spidomita, gia na nafasi ndani ya madigadi vyote vilipangwa kwa kuitegemea.

Kuhusu radial na zile zinazokatizana: ukitaka kuona tofauti kwa macho, nenda James Hall Museum of Transport, pale Wemmer Pan, karibu kabisa na kwetu. Yapo magari ya zamani sana yenye matairi membamba kama ya baiskeli kubwa. Kama gari la mzee wako ni la zama hizo, uliza aina ya nyuzi kwanza, na usichanganye aina mbili kwenye gari moja.

Tulipata njia nne. Nitawapa zote na sababu zake.

Njia ya kwanza: tairi la bakkie

Ukiingia duka la matairi upande huu wa kusini mwa jiji na kusema "inchi 14", muuzaji mmoja kati ya wawili atakuletea 195R14C. Yamejaa kwa sababu bakkie na mabasi madogo ya zamani yanayatumia. Yanaingia kwenye rimu, ni magumu, na bei yake si mbaya. Muuzaji mmoja alituambia, "Hizi hazipasuki, hizi ni za taxi."

Angalia ile C ya mwisho. Ni tairi la mizigo. Ubavuni limeandikwa 106, maana yake moja linabeba kilo 950. Datsun nzima ni kama tani moja, kwa hiyo kila gurudumu linabeba kama kilo 260. Tairi lililotengenezwa kubeba karibu mara nne ya hapo halitajikunja chini ya gari jepesi. Litaruka juu ya kila shimo, na kwenye lami yenye maji litateleza. Mengi yana herufi R ya mwendo, yaani kilomita 170 kwa saa, chini ya ile H ya asili. Na ni refu kuliko la asili kwa karibu sentimita 3. Kwa bakkie ni tairi zuri. Kwa Datsun ni kumvalisha mkimbiaji buti za mgodini.

Njia ya pili: pana na fupi

Hii ndiyo iliyomvutia ba'mdogo: 205/60R14. Kwenye picha gari linapendeza, limekaa chini kama chui. Lakini piga hesabu: kipenyo kinashuka mpaka milimita 602. Gari linashuka milimita 17, na wote tunayajua matuta na mashimo ya Johannesburg. Spidomita itasoma 120 wakati wewe uko 114. Usukani wa gari hili hauna msaada wa pampu, kwa hiyo kila upana unaoongeza unaulipia kwa mabega wakati wa kuegesha.

Na kuna jambo watu hawalisemi. Ubavu mrefu ni sehemu ya springi za gari la zamani. Wahandisi walipopanga springi na shokapu, walihesabu kwamba tairi nalo litajikunja. Hata magari ya rally ya njia za vumbi hutumia matairi membamba yenye ubavu mrefu, yazame mpaka kwenye udongo mgumu na kuvumilia mawe. Kwenye mvua za mchana za kiangazi cha huku, tairi jembamba hukata maji pale ambapo pana linaanza kuelea.

Njia ya tatu: la asili kabisa

Bado kuna makampuni Ulaya yanayotengeneza matairi ya sura ya zamani kwa mpira mpya. Hili ndilo jibu safi zaidi, hasa kama rimu zako ni zile nyembamba za mwanzo za inchi 4.5. Gari linarudi kuwa kama lilivyozaliwa. Tatizo ni bei: niliyopewa, pamoja na usafiri na ushuru, ilizidi mara tatu ya tairi la kawaida la dukani. Na tairi likikatika ubavu kwenye shimo, unasubiri wiki kadhaa kupata jingine.

Njia ya nne: tuliyoichagua

195/70R14, lenye 91H. Kipenyo chake ni milimita 629, pungufu ya la asili kwa milimita 7 tu, kama asilimia 1. 91 ni kilo 615 kwa kila tairi, inatosha na kubaki. H ni ileile. Rimu zetu ni za inchi 5, upana wa mwisho unaokubalika kwa saizi hii, kwa hiyo zinafaa. Na ni saizi ambayo ukipata janga Harrismith au Pietermaritzburg, una nafasi nzuri ya kuipata siku hiyohiyo.

Ba'mdogo alitaka tununue mawili kwanza, mengine baada ya Krismasi. Fundi akakataa, na akaeleza vizuri: hata ukinunua mawili, mapya yakae nyuma, kwa sababu nyuma ikikosa mshiko gari linazunguka na wewe. Na gari hili linasukumwa na magurudumu ya nyuma. Basi vikapigwa vikao vya ukoo kwenye WhatsApp, shangazi wa Pretoria akachangia, tukanunua matano. Ndiyo, matano. Spea nayo ni tairi.

Kabla hujalipa, na baada ya kufunga

Haya yaandike kwenye simu:

Soma tarehe dukani. Tairi "jipya" linaweza kuwa limekaa stoo miaka minne. Kataa kwa adabu, omba lingine.

Usinunue la mtumba kwa ajili ya gari la kasi, hata kama kashata zinang'aa. Hujui liligonga nini, wala lilizibwa pancha ngapi.

Badilisha na valvu. Ni za bei ndogo, na mpira wake unazeeka kama mwingine wowote.

Fanya balansi, kisha alaimenti. Gari la miaka 50 lina bushi zilizochoka, na tairi jipya litaliwa upande mmoja kabla hujalizoea.

Jaza upepo tairi likiwa baridi, kwa kufuata kitabu cha gari. Namba iliyo ubavuni mwa tairi ni kikomo, siyo kipimo cha kila siku.

Kaza nati tena baada ya kilomita 50 hadi 100. Na kilomita mia kadhaa za mwanzo endesha kwa upole, maana mpira mpya bado una utelezi wa kiwandani.

Yale ya zamani

Sehemu hii haikuwepo kwenye kipindi, na ndiyo inayonikaa kichwani. Wakati matairi ya zamani yamelazwa ukutani, alikuja kijana wa mtaani na pesa taslimu mkononi. Anauza matairi yaliyotumika. Aliziona kashata za milimita 6 macho yakamtoka. Alitoa bei ambayo ingelipa karibu tairi moja jipya.

Ba'mdogo hakuwa na pesa za kuchezea, tulikuwa tumetoka kuchanga. Alimwangalia yule kijana, akamwambia kwa utaratibu kabisa, "Kijana wangu, hizi nikikupa, Jumatatu zitakuwa kwenye gari iliyobeba watoto wa shule." Kisha akamwomba fundi kisu, akayachana ubavu yote, moja baada ya jingine, kijana akiwa amesimama anaangalia. Ilikuwa inauma kutazama. Pesa ilikuwa pale pale.

Kwa hiyo ukibadilisha, usimwachie mtu tairi bovu lenye sura nzuri. Lichane, au hakikisha linakwenda kuchakatwa.

Kipande kimoja hakikutupwa. Ba'mdogo alikibeba nyumbani, anasema atatengeneza katambuga, zile ndala za tairi alizovaa babu shambani. Wakenya mnaziita akala, najua, msianze vita. Tuandikieni nyumbani kwenu zinaitwaje, hasa nyie wa Bukavu, Kampala na Lamu, tutayasoma majina yote kwenye kipindi kijacho. Ila kabla ya kuandika, toka nje kwanza, chuchumaa kwenye gari la mzee, utafute zile tarakimu nne.